Dakika Ishirini za Kwanza za Injini ya Hotirodi

Mjenzi amekaa na gari lake miaka miwili. Chesisi ameichomelea mwenyewe, injini ameifunga bolti moja baada ya nyingine, nyaya amezivuta usiku baada ya kazi. Sasa hakuna kilichobaki isipokuwa ufunguo. Ndugu na marafiki wamesimama pembeni, simu zimeinuliwa kurekodi. Stata inazungusha injini, inazungusha, inazungusha, injini haishiki. Mmoja anasema kabureta imwagiwe petroli kidogo. Mwingine anasema distributa, kile kifaa kinachogawa cheche kwa kila silinda, isogezwe. Stata inapumzishwa, inapigwa tena, betri inabadilishwa, inapigwa tena. Mwishowe, baada ya nusu saa ya majaribio, injini inakohoa, inashika, inanguruma kwa kusitasita, na watu wanapiga makofi.

Wiki mbili baadaye injini inagonga tik-tik-tik upande mmoja na silinda moja imepoteza nguvu. Kifuniko cha valvu kikifunguliwa, roka moja, mkono mdogo unaofungua valvu, inainuka nusu tu ya wenzake. Kamshafti, mhimili wenye nundu zinazoziinua roka hizo, imelika. Na haikulika ndani ya wiki mbili zile. Iliharibika siku ile ya makofi, wakati stata ikizungusha injini isiyowaka.

Hayo yalinipata kwenye injini ya kwanza niliyoijenga, na ndiyo sababu naandika. Anayeanza huambiwa masharti mengi kuhusu kuwasha injini mpya: tumia oili ya aina fulani, usiiache ingurume taratibu, ipandishe hadi mizunguko 2,000 kwa dakika mara moja, usipige stata muda mrefu. Huambiwa masharti bila kuambiwa sababu, na sharti lisilo na sababu husahaulika mara tu mambo yanapoharibika. Kumbe karibu masharti yote yana chanzo kimoja, nacho ni jinsi kamshafti inavyopata oili.

Nundu na tapeti

Hotirodi ni gari la zamani lililovuliwa vitu vya ziada, likapunguzwa uzito, likatiwa injini yenye nguvu kuliko ile iliyozaliwa nayo. Mtindo huu ulikomaa kusini mwa California miaka ya 1930, vijana walipokuwa wakishindana kwa mwendo kwenye maziwa yaliyokauka kama Muroc, ambalo leo liko ndani ya kambi ya jeshi la anga ya Edwards. Mwaka 1932 Ford ilitoa V8 (injini ya silinda nane zilizopangwa kama herufi V) ya watu wa kawaida, ya inchi za ujazo 221 na nguvu ya farasi 65, na ikawa roho ya hotirodi kwa miaka mingi. Mwaka 1955 Chevrolet ikaleta V8 yake ndogo ya inchi 265, ambayo baadaye ilikua hadi 350 na zaidi, nayo ikachukua kiti hicho. Anayejenga gari la namna hii nyumbani, mara nyingi injini iliyo mbele yake ni hiyo ya Chevrolet au ndugu yake wa enzi hizo. Kwa hiyo mifano yangu mingi inatoka humo.

Kamshafti ya injini hizi ina nundu 16, mbili kwa kila silinda. Nundu ikipita chini ya tapeti, kipande cha chuma kinachokaa juu yake, huiinua, tapeti inasukuma fimbo, fimbo inasukuma roka, roka inafungua valvu. Kazi ni rahisi, ila angalia mguso wenyewe: springi nzito ya valvu inaikandamiza tapeti juu ya nundu, na chuma kinasugua chuma kwenye eneo jembamba kama mstari. Krenki, mhimili mkuu unaozungushwa na pistoni, ina beringi zinazopelekewa oili kwa shinikizo la pampu. Nundu hazina bomba lake. Oili inayozifikia ni ile inayorushwa na krenki ikizunguka kwa kasi, pamoja na matone yanayoshuka kutoka juu.

Hapo ndipo penye kiini cha jambo. Stata huzungusha injini karibu mizunguko 200 kwa dakika. Kwa mwendo huo krenki hairushi kitu cha maana, na nundu zinasuguana na tapeti zikiwa na kinga moja tu: ile pasta nyeusi ya molibdeni uliyoipaka ulipokuwa ukiifunga injini. Kila mzunguko wa stata unaifuta kidogo. Ikiisha kabla injini haijawaka, chuma kipya kinakutana na chuma kipya kikavu. Kunguruma taratibu baada ya kuwaka hakusaidii sana, kwa kuwa bado oili inayorushwa ni chache. Ndiyo maana injini mpya hupandishwa hadi mizunguko 2,000 au 2,500 ndani ya sekunde chache na kuwekwa huko dakika 20 hadi 30, mwendo ukipandishwa na kushushwa kidogo kidogo ili oili ifike kila pembe.

Katika dakika hizo kuna jambo linalotendeka ambalo jicho halilioni. Tapeti tunayoiita bapa si bapa kamili. Uso wake umevimba katikati kwa kiasi kidogo mno, na nundu nayo imenolewa kwa mshazari mdogo, ili tapeti izunguke yenyewe kila inapoinuliwa. Kuzunguka huko kunasambaza msuguano. Nyuso mbili zinazoeana, kila tapeti na nundu yake, na zikishazoeana hazibadilishani wenzi tena: anayefungua injini iliyotumika na kuzirudisha tapeti za zamani bila mpangilio ameiua kamshafti hata kabla ya kuwasha. Tapeti ikikataa kuzunguka siku ya kwanza, inachimba mahali pamoja, inavuka ngozi ngumu ya chuma, na kutoka hapo hakuna oili itakayoiokoa.

Mambo mawili yanafuata. Kwanza, oili. Kiambata cha zinki na fosforasi ndicho kinachojenga utando wa kinga mahali chuma kinapobanana na chuma, na oili nyingi za magari ya kisasa zimepunguziwa fosforasi ili zisiharibu kifaa cha kusafisha moshi kwenye eksozi. Kwa injini mpya yenye tapeti bapa tafuta oili iliyotengenezwa mahsusi kwa mwasho wa kwanza. Pili, springi. Kama valvu zako zina springi mbili, moja ndani ya nyingine, toa zile za ndani kwa dakika hizo za mwanzo halafu zirudishe. Ni usumbufu wa nusu siku, nami naona unafaa kila dakika yake.

Kama injini yako ina tapeti za rola, zile zenye kigurudumu ambazo Chevrolet ilianza kuziweka kwenye V8 zake ndogo za magari ya mwaka 1987, hofu hii ya nundu haikuhusu. Mengine yote yaliyo hapa chini bado ni yako.

Sasa hesabu imekaa wazi. Injini haina budi kushika ndani ya mizunguko michache ya stata, na ikishashika haina budi kukaa juu dakika 20 bila kulazimishwa kuzima. Kila kazi ya siku chache kabla, iwe ya oili, ya moto wa plagi, ya petroli, ya maji au ya umeme, inapimwa kwa kipimo hicho. Jambo lolote linaloweza kuthibitishwa bila stata, lithibitishwe bila stata.

Oili ifike kabla ya moto

Kwenye V8 ndogo ya Chevrolet pampu ya oili huzungushwa na distributa kupitia fimbo inayoshuka ndani ya bloku. Hii ni bahati kubwa kwa mjenzi. Ukitoa distributa unaweza kuingiza fimbo maalumu, ukaifunga kwenye mashine ya kutobolea, ukazungusha pampu kwa mwelekeo wa saa huku injini imesimama kabisa. Mashine mwanzoni huzunguka bila upinzani, halafu ghafla inakuwa nzito mkononi: oili imeingia kwenye njia zake. Geji ya shinikizo inapanda. Usiache hapo. Endelea, huku mwenzako akiizungusha krenki polepole kwa spana kwenye bolti ya mbele, hadi uone oili ikichuruzika kwenye kila roka, zote 16. Roka za mwisho zinaweza kuchukua dakika kadhaa.

Kuna mtego hapa uliowachanganya wengi. Mwili wa distributa ya injini hii si kishikio tu. Ukishakaa mahali pake unaziba na kuielekeza njia ya oili inayokwenda kwenye tapeti za upande mmoja. Ukitumia bisibisi ya kawaida iliyokatwa mpini, oili inavuja katika tundu hilo na upande mmoja wa injini unabaki mkavu, nawe unaanza kuhisi kwamba umekosea kufunga beringi. Fimbo sahihi ina kola inayofanya kazi ya mwili wa distributa. Itafute hiyo.

Fanya kazi hii siku hiyohiyo ya kuwasha, au jana yake. Oili iliyopandishwa mwezi uliopita imesharudi chini kwenye sampu, bakuli la oili lililo chini ya injini.

Pistoni hufika juu mara mbili

Injini nyingi mpya zinazokataa kuwaka zina petroli na zina cheche. Cheche inakuja wakati usio wake. Sehemu hii ndiyo inayowavuruga wanaoanza kuliko nyingine yoyote, kwa hiyo nitaiendea taratibu.

Injini ya mipigo minne huzungusha krenki mara mbili ili kukamilisha kazi moja: kuvuta, kukandamiza, kuwaka, kutoa moshi. Maana yake pistoni ya silinda namba moja hufika juu kabisa mara mbili. Mara ya kwanza imekandamiza mchanganyiko na inasubiri cheche. Mara ya pili imemaliza kusukuma moshi nje. Alama iliyo kwenye puli ya krenki haijui tofauti hiyo; inasoma sifuri mara zote mbili. Ukiifunga distributa kwa kuitegemea alama peke yake, una nafasi nusu kwa nusu ya kupeleka cheche wakati valvu ziko wazi. Dalili yake ni injini inayopiga chafya kupitia kabureta au kulipua eksozi huku stata ikizunguka, lakini haishiki kamwe.

Dawa ni kidole. Toa plagi ya silinda namba moja, ambayo kwenye Chevrolet ni ya mbele kabisa upande wa kushoto wa gari. Ziba tundu kwa kidole, na mwenzako aizungushe krenki kwa spana. Upepo ukianza kukisukuma kidole kwa nguvu, huo ndio mkandamizo. Endelea polepole hadi alama ya puli ikaribie sifuri. Lakini usisimame penye sifuri. Simama digrii 10 au 12 kabla yake, kwa sababu mchanganyiko unachukua muda kuwaka na cheche lazima itangulie kidogo. Sasa ingiza distributa ili mkono wake wa ndani uelekee mahali utakapochomeka waya wa silinda namba moja. Meno ya distributa yamekatwa kwa mshazari, kwa hiyo inapozama hujizungusha kidogo. Itoe, irudishe nyuma jino moja, ijaribu tena hadi itue panapotakiwa. Ikigoma kuzama yote, fimbo ya pampu ya oili haijalingana nayo. Igeuze fimbo kwa bisibisi ndefu, usiipige distributa nyundo.

Baada ya hapo waya zinafuata mzunguko wa mkono, ambao kwenye Chevrolet huenda na saa: 1-8-4-3-6-5-7-2. Ford wana mpangilio wao, na si V8 zao zote zina mpangilio mmoja, basi soma wa injini yako usikisie. Angalia pia kwamba 5 na 7 zinawaka zikifuatana, na silinda hizo zimekaa jirani. Waya zao zikilazwa sambamba zikigusana kwa urefu, umeme wa moja unaweza kuamsha cheche kwenye nyingine kabla ya wakati. Zitenganishe, au zikatize moja juu ya nyingine.

Kwenye puli yenyewe kuna jambo la kuchunguza kama umeitoa kwenye injini kuukuu. Imetengenezwa kwa vipande viwili vilivyounganishwa na mpira, na mpira uliozeeka huteleza. Ukiteleza, alama haiko tena mahali pake na kila unachokipima kinakudanganya. Thibitisha mapema, pistoni ikiwa juu, kwamba sifuri ni sifuri.

Moja la mwisho kabla ya kufunga vifuniko vya valvu: tapeti za haidroliki. Huwekwa kwa kukaza nati ya roka hadi nafasi iishe, kisha nusu mzunguko hadi mzunguko mmoja zaidi. Anayeanza hukosea kujua nafasi imeisha lini, kwa sababu tapeti isiyojaa oili inabonyea kidoleni. Izungushe fimbo kwa vidole viwili unapokaza. Inapoanza tu kuwa nzito kuzunguka, hapo ndipo sifuri. Ukipitiliza, valvu inabaki wazi kidogo na silinda haina mkandamizo. Injini yenye kosa hilo hujulikana kwa sauti: stata inaizungusha kwa wepesi na mfululizo, bila ile mikazo ya vuu-vuu-vuu ya silinda zinazobana hewa.

Petroli, maji na umeme

Kuhusu petroli sina mengi. Tumia mpya. Pampu ya umeme ya kabureta hutoa kama psi (paundi kwa inchi ya mraba) 5 hadi 7. Pampu ya gari lenye sindano za kielektroniki hutoa mara kadhaa ya hapo na itaisukuma sindano ya boya hadi kabureta ifurike juu ya injini ya moto. Washa pampu injini ikiwa imezimwa, kisha pita na tochi kwenye kila kiungo, toka kwenye tangi hadi kwenye kabureta, ukigusa kwa kidole kikavu. Halafu chungulia ndani ya kabureta na uvute mkono wa mafuta mara moja: ukiona vijito vya petroli vikiruka, bakuli limejaa na hakuna haja ya kumwagia kitu chochote. Kumwagia petroli kwa kopo kwenye kabureta iliyo wazi ndiko kunakochoma nyuso za watu. Chafya moja ya injini inatosha. Funga kichujio cha hewa mahali pake, na mtungi wa kuzimia moto ukae mikononi mwa mtu, si ukutani.

Maji yana adui mmoja, hewa iliyonaswa. Kizuizi cha joto, ile themostati, hufunga njia injini ikiwa baridi, na nyuma yake hubaki puto la hewa. Injini inajaa kwa macho lakini kichwani mwa silinda hakuna maji, na geji inasoma ubaridi kwa kuwa kitambuzi kimekaa hewani. Toboa tundu la milimita 3 kwenye ukingo wa themostati kabla ya kuifunga, inua pua ya gari kwa jeki unapojaza, na weka feni kubwa ya kusimama mbele ya redieta, maana gari lililosimama dakika 20 likinguruma kwa mizunguko 2,000 halipati upepo wa barabarani.

Umeme unanipa sababu ya kukaa kidogo. Hotirodi ni gari linalopakwa rangi kila mahali kwa upendo: bloku imepakwa, chesisi imepakwa, na injini imekaa juu ya mipira. Matokeo yake injini imetengwa kabisa na njia ya umeme wa kurudi. Stata inavuta ampea mia na zaidi, na zikikosa njia hupita popote: kwenye waya wa kuvutia mafuta, kwenye bomba la breki, kwenye kamba ndogo ya geji. Nimeona waya wa mafuta umegeuka mwekundu kwa sababu hiyo. Weka kebo nene kutoka injini hadi chesisi, na nyingine kutoka betri hadi chesisi, na penye kila mguso kwangua rangi hadi chuma king'ae. Kama betri umeiweka nyuma, kebo nayo iongezwe unene kulingana na urefu. Pima volti kwenye betri huku stata ikizunguka na koili, inayozalisha umeme wa cheche, ikiwa imechomolewa. Chini ya 9.6, cheche itakuwa dhaifu wakati ileile unapoihitaji.

Halafu kuna rezista ya koili, inayozua kioja kinachowachanganya wengi. Mifumo ya zamani ya platini, ile swichi ndogo ndani ya distributa, huipa koili volti zote 12 wakati wa kupiga stata tu. Ufunguo ukiachiwa, umeme hupitia kwenye rezista na kupungua ili koili na platini visiungue. Rezista ikikatika au waya wake ukisahaulika, injini inashika vizuri stata ikiwa inazunguka na kufa papo hapo ufunguo unapoachiwa. Mtu anarudia, inashika, inakufa, anarudia, na pasta ya nundu inaisha. Ukiiona dalili hiyo hata mara moja, acha stata na upime koili ufunguo ukiwa kwenye nafasi ya kuendesha.

Siku yenyewe

Gari liwe nje, au milango yote iwe wazi. Kaboni monoksidi haina harufu na inaua. Magurudumu yawekewe vizuizi, gia iwe nyutro. Mtu mmoja akae kwenye usukani na kazi yake iwe moja, kuangalia geji ya shinikizo la oili. Mwingine asimame kwenye distributa na taa ya kupimia moto, boltiye ikiwa imelegezwa kiasi cha kugeuzwa kwa mkono mmoja. Wa tatu ana mtungi wa moto na macho yake yako chini ya gari. Wageni waje kesho. Nasema hivi kwa moyo mweupe: sherehe inaleta haraka, na haraka ndiyo iliyoniharibia.

Kanyaga mafuta mara mbili, washa. Injini iliyoandaliwa hivi hushika ndani ya sekunde mbili tatu. Usitabasamu bado, geji kwanza. Shinikizo lazima lionekane papo hapo, na kwa kipimo cha mafundi ni kama psi 10 kwa kila mizunguko 1,000. Lisipoonekana, zima bila kujadiliana. Likionekana, panda hadi 2,000 na ubaki huko.

Aliye kwenye distributa aigeuze hadi sauti iwe laini, kisha athibitishe kwa taa. Kwa mwendo huu uzito wa ndani wa distributa umeshaanza kuusogeza moto mbele, yaani kuiwahisha cheche, kwa hiyo usishangae kuona namba kubwa. V8 ndogo ya Chevrolet kwa kawaida hutaka jumla ya digrii 34 hadi 36 mwendo ukiwa juu. Kosa la hatari hapa ni moto uliochelewa. Mchanganyiko huendelea kuwaka wakati valvu ya kutolea inafunguka, na mabomba ya eksozi yanaanza kuwaka wekundu gizani. Wengi wakiona hivyo wanadhani injini inachemka na wanamwaga maji. Sogeza moto mbele, wekundu utaondoka.

Moshi utakuwepo, na karibu wote hauna madhara. Rangi ya bloku inaungua, oili ya vidole vyako inaungua kwenye mabomba, grisi ya kufungia inatoka kwenye eksozi kwa rangi ya buluu dakika chache. Unaopaswa kukuogopesha ni mweupe mzito usiokoma, wenye harufu tamu ya kipozeo, na ule unaotoka mahali penye petroli. Vivyo hivyo sauti: tapeti zinaweza kubisha dakika ya kwanza hadi zijae oili. Mlio mzito wa kugonga wa chini, unaofuata krenki, huo ni wa kuzima.

Ukitaka kujua kama silinda zote nane zinafanya kazi, nyunyizia tone la maji kwenye kila bomba la eksozi karibu na kichwa. Saba yatachemka na kupotea mara moja. La nane likitiririka tu, umelipata tatizo lako bila kufungua nati.

Maji yakivuja, zima, rekebisha, washa tena na uendelee kuhesabu dakika zilizobaki. Kuzima kunaruhusiwa. Kinachokatazwa ni kuiacha ingurume taratibu huku ukitafuta spana. Na isiposhika katika majaribio mawili ya sekunde tano tano, weka ufunguo mfukoni. Rudi kwenye kidole na plagi namba moja, rudi kwenye vijito vya kabureta, rudi kwenye volti za koili. Kimoja kati ya hivyo vitatu hakijafika, na stata haitakileta.

Baada ya dakika ishirini

Zima, acha ipoe, mwaga oili yote ikiwa bado vuguvugu. Kichujio usikitupe. Kikate, ukunjue karatasi yake, uisome kwenye mwanga. Rangi ya kijivu yenye kumetameta laini ni pasta ya molibdeni pamoja na vumbi la kuzoeana, na ni ya kawaida. Vipande unavyoweza kuvihesabu si vya kawaida. Pitisha sumaku: vikivutwa ni chuma cha nundu au tapeti, visipovutwa na vikiwa vya rangi ya shaba, beringi. Kaza upya bolti za eksozi, maana zimelegea zote kwa joto.

Kamshafti imemaliza shule yake, lakini ringi za pistoni hazijaanza. Silinda mpya imechorwa mistari midogo inayokatana, na ringi lazima ziizoee kabla mistari hiyo haijasuguliwa ikaisha. Kinachozisukuma ukutani ni gesi ya mwako inayopenya nyuma yake, na injini inayonguruma bila mzigo ina gesi hafifu. Kwa hiyo gari jipya lisikae siku nyingi likiwashwa tu kuwaonyesha watu. Litoke barabarani siku ileile, breki zikiwa zimekaguliwa. Kwenye gia ya juu kanyaga kwa nguvu kutoka mwendo wa wastani hadi wa kasi, kisha achia kabisa ulirudishe kwa injini yenyewe, halafu rudia, mara kumi au zaidi. Unapokanyaga, gesi inasukuma ringi. Unapoachia, mvuto wa hewa unainua oili na kuosha vumbi.

Ukirudi, toa plagi zote nane uzipange mezani kwa namba zake. Zile zenye rangi ya kahawia hafifu zirudishe. Moja ikiwa nyeusi na yenye unyevu wa oili, iandike namba, itie alama, na uiangalie tena baada ya safari tatu.